Mume Wake Hakumkataza

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Konsolata, kule Buzebazeba. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, na pembeni yangu alikaa mwalimu mmoja kijana wa siku hizi, simu mkononi, macho mekundu kwa kulia. Wasifu wa marehemu ulikuwa unasomwa kwenye spika. Ulipofika pale pa kusema kwamba marehemu ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza elimu upande wetu huu, na kwamba aliipokea ofisi katika mwaka mgumu wa wakimbizi akasimama imara, yule binti akaniinamia sikioni. "Mama, nasikia kulikuwa na mwingine kabla yake. Wa Ujiji. Ila mume alimkataza, ikaishia hapo. Wanaume wa Ujiji tena!" Akatikisa kichwa kwa huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, binti wa watu hakuwa na ubaya wowote. Wasifu hausahihishwi mbele ya jeneza. Lakini tangu siku ile nimeona heri niliandike jambo lenyewe, maana waliokuwepo tumebaki wachache, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika.

Sitaanza na kuzaliwa kwangu, hakuna kikubwa huko. Mwaka ule nilikuwa mhudumu wa ofisi ya elimu. Darasa la saba nilimaliza, sekondari nikaiona kwa watoto wa jirani. Lakini nilikuwa na ndoto, jamani! Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya bati, mlimani, ukisimama dirishani unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo siku ambazo hakuna ukungu. Mimi nikifagia pale dirishani nilikuwa najiona nimevaa sketi ya kitambaa kizuri, nimekaa nyuma ya mashine ya chapa, watu wananiambia "samahani dada, mkubwa yupo?" na mimi nasema "subirini kidogo" bila kuinua uso. Ndoto yangu yote ilikuwa hiyo. Na katika ndoto hiyo mkubwa hakuwa mwanamume. Mkubwa alikuwa Mwalimu Mwajuma.

Alikuwa anakaimu. Bwana afisa elimu alihamishwa ghafla, na yeye, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka, akaambiwa ashike mpaka atakapopatikana mwenyewe. Akashika mwezi ule ule ambao ziwa lilianza kutuletea watu. Walikuja na maboti na mitumbwi, na godoro kichwani, na kuku, na bibi kizee amebebwa mgongoni kama mtoto. Kambi zilikuwa hazijawa tayari kuwapokea wote, basi watu wakalala walipopata paa, na paa lililo wazi kuliko yote ni la shule. Shule za mwambao, kuanzia Bangwe, zikajaa. Wakubwa wengine walisema zifungwe. Mwalimu Mwajuma alivaa viatu vyake vya raba, akajitanda kanga juu ya gauni, akaenda mwenyewe darasa kwa darasa kuzungumza na akina mama waliolala mle. Nilikuwa namfuata na chupa ya chai. Aliwaamkia waliomzidi umri, akakaa chini kwenye sakafu, akawaambia, "Asubuhi naomba mnikunjie mikeka, watoto wasome, wenu na wetu pamoja. Mchana ukigeuka, nyumba ni yenu." Mama mmoja akacheka, "Madame, na sisi wakubwa tukae wapi?" Akajibiwa, "Wewe kaa mstari wa nyuma, ujifunze kuhesabu." Darasa zima likaangua kicheko, na kesho yake mikeka ilikunjwa. Hakuna shule hata moja iliyofungwa. Hayo ndiyo yaliyosomwa kwenye spika Buzebazeba, ila kwa jina lingine.

Katika maboti yale ndimo alimotoka Mwalimu Ramazani, mwembamba, shati jeupe limefuliwa mpaka limekuwa kama karatasi. Alikuja ofisini akasimama mlangoni. "Mama, miye ni mwalimu. Batoto bale bananijua. Nitafundisha tu, ata kama hamunipe kitu." Hakuwa na pa kulala, na Mwalimu Mwajuma akampa chumba cha uani nyumbani kwake, Kasingirima, upande wa Ujiji, chumba alichokuwa anawekea mumewe vitambaa.

Sasa niwaambieni juu ya mume huyo. Mzee Sudi alikuwa fundi cherehani, cherehani yake ipo barazani, tepu ya kupimia haitoki shingoni, hata akiswali alikuwa anaisahau hapo hapo. Mtu wa sauti ndogo. Mkewe akichelewa kurudi kutoka shule za mbali, yeye ndiye aliyeinjika ugali. Mchana mimi na Mwalimu Konsolata tulizoea kumsindikiza Mwalimu Mwajuma kwenda kula kwake, tukaikuta sinia imeshatengwa kwenye mkeka: ugali wa muhogo, migebuka iliyokaangwa kwa mawese, na maharage aliyoyaleta Konsolata kutoka kwao Kasulu. Mzee Sudi alitupakulia kwa mkono wake. Konsolata alikuwa akila mpaka anafungua kifungo cha sketi. "Shemeji," alimwambia siku moja, "wewe hukuzaliwa Ujiji. Wanaume wa Ujiji wanajua kunywa kahawa tu." Mzee Sudi akajibu taratibu, "Na nyinyi wa milimani mngejuaje samaki, kama si mimi?" Mwalimu Mwajuma akadakia, "Muache huyo, Sudi, kwao hata dagaa wanamkata vipande." Tulicheka mpaka Mwalimu Ramazani akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Nampenda Konsolata wa siku zile mpaka leo, na ndiyo shida yangu. Alikuwa afisa taaluma, msomi kutupita wote pale ofisini, mcheshi, sauti yake unaisikia toka stesheni. Ndiye aliyenifundisha mashine ya chapa. Watu wakitoka kwenda kula na sisi tukibaki, alinikalisha, akanifunika vidole kwa kanga ili nisiangalie herufi. "Usitazame, Zaituni. Mikono ikijua, macho yanakuwa huru kuwatazama wanaume wanavyokuonea wivu." Siku moja, mvua imetuzuia, aliniambia kwamba aliwahi kuitwa usaili wa ukubwa kwenye mkoa mwingine. Akajibu kila swali. Mwisho mzee mmoja akamuuliza, "Sasa mama, ukizaa, nani atakaa ofisini?" Akasema, "Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, mdogo wangu, isipokuwa hilo." Akacheka. Mimi nikacheka naye, nikidhani ni kichekesho.

Habari ikaja kwamba wakubwa watatu wanakuja kwa treni kufanya usaili, wamthibitishe mtu kwenye kiti. Majina yaliyopelekwa juu yalikuwa mawili, Mwajuma na Konsolata, na hakuna aliyekuwa na shaka. Konsolata mwenyewe alikuwa anasema hadharani, "Mimi nimewekwa hapo kumsindikiza bibi harusi." Mwalimu Mwajuma aliniita chumbani kwake kazini, akafunga mlango. "Nikithibitishwa, la kwanza nitakuombea kozi ya upigaji chapa Tabora. Usimwambie mtu, mambo hayasemwi kabla." Nilitoka mle ndani nikafagia ukumbi ambao nilikwishaufagia.

Asubuhi ya usaili Mwalimu Ramazani alifariki. Homa ilikuwa imemshika siku chache, tukadhani anapata nafuu. Alifia pale pale chumba cha uani, jua linatoka, Mzee Sudi amemshika kichwa. Hakuwa na ndugu mjini. Shemeji yake mmoja alikuwa kambini, akatumiwa mtu amlete, na ikakubaliwa maiti isubiri mpaka alasiri.

Hapa mgeni anaweza asielewe, kwa hiyo nieleze. Kwetu maiti haikosi mwenye msiba. Mgeni akifia kwako, wewe ndiye nduguye. Wewe ndiye unayepewa pole, wewe ndiye unayekaa, na mwenye msiba hatoki nyumbani kabla maiti haijatoka, hata nyumba ya pili ikiungua. Mwalimu Mwajuma alikuwa tayari ameshavaa gauni lake la usaili. Akalivua, akajifunga kanga, akakaa mkekani. Kazi yake ilikuwa kukaa tu, na wanawake wa mtaa walianza kuingia na vilio. Akamwita Konsolata akamkalisha karibu. Nilikuwa ninachambua mchele hapo hapo, niliyasikia kwa masikio yangu. "Nenda kawaambie wakubwa. Mwenye msiba hatoki. Maiti ikitoka alasiri nitakuja, nitakuja hata na kanga. Kama hawawezi kusubiri, basi kesho asubuhi kabla ya treni. Waambie nawaomba." Konsolata akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. "Nitawaambia, dada. We lia." Akaondoka kwa mbio.

Kuna jambo lingine la kwetu. Mjumbe anayetoka msibani hahojiwi. Akisema watu wanatakiwa kuzika, unakwenda. Akisema fulani hatakuja, unasema poleni sana, huulizi kwa nini. Kumhoji ni kama kusema maiti ni ya uongo. Konsolata alilijua hilo kama mimi ninavyolijua.

Maiti ilitoka, wanaume wakaenda makaburini wakarudi, wakakaa barazani wakanywa kahawa. Mimi nilikuwa nazungusha birika. Akaja mzee mmoja nadhifu, mwenye miwani, akavua viatu mlangoni kwa adabu kabisa. Alikuwa mkuu wa wale wageni watatu. Nikafurahi: nikajua amekuja mwenyewe kumwambia Mwalimu Mwajuma kwamba wanamsubiri. Akamwendea Mzee Sudi, akampa mkono, akampa pole ya msiba, halafu akasogea karibu. "Na lile jingine, mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Tumekuheshimu. Nyumba ni nyumba."

Mzee Sudi akamtazama. "Mmeheshimu nini, mwanangu?"

"Uamuzi wako. Wa mama kutoendelea na kazi hii ya kuzunguka. Mwalimu mwenzake ametueleza vizuri tu, kwamba ameliondoa jina kwa ajili yako. Kwa kuwa huyo mwenzake naye alikuwa kwenye majina, tukamalizia naye."

Kahawa niliyokuwa namimina ilimwagikia mkekani, na hakuna aliyenikemea, maana wazee wote wa baraza walikuwa wanamtazama Mzee Sudi. Sauti yake ndogo ile, siku aliyoihitaji kuliko siku zote, haikutoka. Ilipotoka, ilisema, "Lakini mimi sikusema kitu." Yule mgeni akampigapiga bega kwa upole. "Naelewa, mzee. Naelewa." Mzee mmoja wa kahawa akasema kwa sauti, "Sudi! Kumbe mwanamume wewe!" Na wengine wakaguna wakikubali, msibani pale pale.

Niliingia ndani nikamwambia Mwalimu Mwajuma. Hakupiga kelele. Aliniuliza mara mbili, "Konsolata? Konsolata wetu?" halafu akafunika uso kwa kanga, na wanawake waliomzunguka wakadhani anamlilia Ramazani, wakamkumbatia.

Asubuhi alikwenda. Nilimfuata, na Mzee Sudi naye akaja, tepu shingoni, maana aliondoka nyumbani bila kufikiri. Wageni walikuwa wanafunga mizigo. Yule mwenye miwani alimsikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Mama, kikao tumekifunga. Mjumbe alitoka nyumbani kwako, msibani. Wewe ungekuwa mimi, ungemhoji?" Mwalimu Mwajuma akasema, "Ningetuma mtu aje kuniuliza mwenyewe. Ningekuwa mwanamume mngetuma." Mzee Sudi akasogea mbele. "Bwana, mimi ndiye mume. Sikumkataza. Nilimpigia pasi gauni la usaili kwa mkono wangu." Mmoja wa wale wawili wengine akaficha tabasamu kwa leso. Mwenye miwani akasema, "Mzee, hakuna anayekulaumu." Ndivyo ilivyokwisha. Kadiri alivyokana ndivyo walivyoona ni muungwana anayemfichia mkewe aibu.

Konsolata nilimkuta ofisini, anapanga mafaili. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia nzima, na nilipomwona nikalia tu kama mtoto. Akaniacha nilie. Kisha akasema bila kunitazama, "Wewe unadhani wangempa? Mwanamke wa Ujiji, hana stashahada? Wangetafuta sababu. Mimi niliwapa tu waliyokuwa wanaitafuta, kabla hawajanitafutia na mimi." Nikamwambia, "Lakini ulikula kwake, Mwalimu. Mzee Sudi alikupakulia." Hapo akageuka, na uso wake, Mungu anisamehe, ulinihurumisha. "Ndiyo maana waliniamini," akasema. "Mtu wa nyumbani haaminiwi?" Halafu akasema kwamba ameshaandika barua niende kozi ya chapa Tabora, kwa sababu nina mikono mizuri.

Nilimpelekea Mwalimu Mwajuma habari hiyo nikitaka aniambie nikatae. Nilitamani sana kukataa, nilikuwa nimeshajiona ninavyokataa, kichwa juu. Alikuwa anachambua mchicha. "Utakwenda," akasema. "Haki yangu hairudishwi kwa wewe kuendelea kufagia." Wiki hizo hizo alipangiwa shule ya mwambao, mwalimu mkuu, na alikwenda kwa viatu vyake vya raba, akafundisha huko mpaka alipostaafu. Konsolata aliongoza ofisi vizuri. Lazima niseme hivyo, aliongoza vizuri, na wanawake wengi walipanda kwa mkono wake, na mimi ni mmoja wao. Nimekaa miaka yangu yote nyuma ya mashine, na baadaye nyuma ya kompyuta, watu wananiambia "samahani dada, mkubwa yupo?" Na kila niliposikia hivyo, moyo ulinyauka kidogo, kwa sababu aliyekuwamo chumbani hakuwa yule wa ndoto yangu.

Nikifumba macho, simwoni hata mmoja wa wanawake hao wawili. Namwona Mzee Sudi. Baada ya msiba alianza kupata heshima asiyoiomba. Wanaume waliomdharau kwa kuinjika ugali sasa walimsogezea benchi kwenye kahawa. "Karibu simba. Umerudisha adabu nyumbani." Kijana mmoja aliyekuwa anataka kuoa alikuja kumwomba ushauri wa namna ya kumshika mke. Mzee Sudi aliacha kwenda kahawani. Alishona barazani kwake, kichwa chini, na kikombe alikinywa ndani. Kabla sijaondoka kwenda Tabora nilipita kuwaaga, nikamkuta amevaa kanzu nyeupe na kofia, siku ya kazi, mkewe anamtazama kwa mshangao. Akasema, "Nakwenda kuwaambia." Tukamfuata kwa mbali, mimi na Mwalimu Mwajuma, tukasimama kwenye kona ya nyumba ya jirani. Alisimama katikati ya wanywa kahawa, akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, "Jamani, mke wangu sikumkataza. Nilitaka awe. Nilitaka sana awe mkubwa." Kikatoka kicheko, kicheko kizuri cha watu wanaompenda. "Sudi bwana, amekutuma? Kaa unywe. Hapa hatusikii siri za ndani." Wakamshika mkono wamkalishe.

Hakukaa. Alirudi kule tulikokuwa, mchanga kwenye pindo la kanzu. Mwalimu Mwajuma alimwuliza, "Wamesemaje?" Akasema, "Hawakuamini." Akaivua kofia, akaitazama, akamkabidhi mkewe. "Usiifue. Kesho nakwenda tena."

Na alikwenda. Niliporudi kutoka Tabora niliambiwa alikuwa bado anakwenda.